Kuwahi Kifo cha Nyota: Historia ya Supanova katika Eksirei na Urujuanimno

Nyota kubwa inapokufa, nuru yake ya kwanza haionekani kwa macho. Kiini kikishaporomoka, wimbi la mshtuko husafiri kutoka ndani kwa saa kadhaa. Linapoupasua uso wa nyota, hutoka mmweko wa eksirei na miale ya urujuanimno ambao hudumu dakika au saa chache tu. Nuru ya kawaida, ile inayoweza kushindana na mwangaza wa galaksi nzima, hufuata baadaye na kufikia kilele baada ya siku au wiki kadhaa. Tena miale hiyo ya mwanzo haifiki ardhini. Angahewa huzuia eksirei zote, na ozoni humeza sehemu kubwa ya urujuanimno. Ni ulinzi unaotuwezesha kuishi, lakini ndio uliowanyima wanaastronomia habari ya saa muhimu kuliko zote.

Kwa karne nyingi, basi, watu waliozitazama supanova walikuwa kama jamaa wa mbali wanaofika siku ya matanga: mazishi yamekwisha, na kilichobaki ni kusimuliwa. Historia ya kuzichunguza kwa eksirei na urujuanimno ni historia ya kupunguza kuchelewa huko, kutoka karne hadi miezi, kutoka miezi hadi siku, na hatimaye dakika. Sehemu ya historia hiyo ilitokea kwenye pwani ya Kenya.

Nyota wageni, 1006–1934

Mwishoni mwa Aprili 1006 nyota mpya ilizuka upande wa kusini wa anga. Nchini Misri iliangaliwa na kijana Ali ibn Ridwan, aliyekuja kuwa tabibu mashuhuri wa Cairo. Baadaye aliandika kwamba ilikuwa kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu hadi tatu, na kwamba mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Mwaka 1054 watazamaji wa anga wa China waliandika habari za “nyota mgeni” iliyoonekana mchana kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka 2. Mwaka 1572 Tycho Brahe wa Denmark alipima mahali pa nyota nyingine mpya, akaonyesha kuwa ilikuwa mbali zaidi ya mwezi. Mwaka 1604 ikaja zamu ya Johannes Kepler.

Miaka 5 tu baada ya nyota ya Kepler, Galileo alielekeza darubini angani. Tangu hapo hakuna supanova ndani ya galaksi yetu ambayo watu wameitambua waziwazi kwa macho ilipokuwa ikitokea. Wenye macho matupu walipewa nyota zisizopungua nne ndani ya miaka 600. Wenye darubini wangali wanangoja ya kwanza.

Waliobaki na hamu ya kujua waligeukia galaksi nyingine. Mwaka 1934, huko California, Walter Baade na Fritz Zwicky walitenga kundi la milipuko mikubwa kuliko nova za kawaida, wakaipa jina la supanova. Walipendekeza pia kwamba mlipuko wa namna hiyo hugeuza nyota ya kawaida kuwa nyota ya nyutroni, yaani mpira wa maada iliyoshindiliwa kupita kiasi. Lilikuwa wazo la ujasiri mkubwa, kwa kuwa nyutroni yenyewe ilikuwa imegunduliwa miaka 2 tu iliyotangulia. Njia ya kulithibitisha haikuwapo. Walichokuwa nacho ni picha za nuru ya kawaida, na nuru hiyo huonyesha ganda la nje la mlipuko, wala haifiki kwenye kiini.

Kupanda juu ya hewa, 1946–1964

Njia ilitokana na silaha. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Wamarekani walichukua makombora ya V-2 ya Ujerumani na kuyarusha kutoka White Sands, jimbo la New Mexico. Wanasayansi waliruhusiwa kuweka vipimo vyao mahali pa baruti. Oktoba 1946 kikundi cha Richard Tousey, kutoka maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, kilipata kwa mara ya kwanza spektra, yaani mpangilio wa miale, ya urujuanimno wa jua kutoka juu ya tabaka la ozoni. Mwaka 1949 Herbert Friedman wa maabara hiyohiyo alithibitisha kwamba jua hutoa eksirei.

Ugunduzi huo ulileta mashaka badala ya matumaini. Eksirei za jua ni dhaifu ukilinganisha na nuru yake. Kama nyota nyingine nazo ni hivyo, eksirei zake zingefika hapa zikiwa hafifu kiasi kwamba hakuna chombo cha wakati ule ambacho kingezinasa. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba anga lote limejaa vitu vya aina ya jua.

Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya utafiti karibu na Boston, hakuridhika na dhana hiyo. Mshauri wake alikuwa Bruno Rossi wa chuo cha MIT. Kwa kuwa fedha za kutafuta eksirei za nyota zilikuwa ngumu kupatikana, waliomba fedha za kutafuta eksirei zinazoakisiwa na mwezi, jambo lililolivutia jeshi la anga. Usiku wa 18 Juni 1962 roketi ya Aerobee iliruka kutoka White Sands na kukaa juu ya hewa nzito kwa muda usiozidi dakika 6. Mwezi haukuonyesha chochote cha maana, ila kutoka upande wa kundinyota la Nge vipimo vilinasa wingi wa eksirei ambao hakuna aliyeutarajia. Chanzo chake, kilichopewa jina la Scorpius X-1, si supanova. Hata hivyo kilithibitisha kuwa angani kuna vitu ambavyo huangaza zaidi kwa eksirei kuliko kwa nuru.

Mwaka uliofuata kikundi cha Friedman kilipata eksirei kutoka Nebula ya Kaa, wingu la gesi lililobaki mahali pale pale Wachina walipoiona nyota mgeni ya 1054. Swali likawa moja: je, eksirei hizo zinatoka kwenye nyota ya nyutroni ya Baade na Zwicky? Julai 1964 mwezi ulikuwa upite mbele ya nebula hiyo, tukio linalojirudia kila baada ya miaka 9 hivi. Friedman alirusha roketi wakati huohuo. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama chanzo ni nyota ndogo, mwezi utakizima mara moja; kama ni wingu, eksirei zitapungua polepole. Zilipungua polepole. Chanzo kilikuwa na upana wa karibu mwaka mmoja wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima.

Wengi walivunjika moyo, lakini haikuchukua muda. Mwaka 1968 wataalamu wa mawimbi ya redio waligundua kwamba ndani ya Nebula ya Kaa kuna nyota ya nyutroni inayozunguka mara 30 kwa sekunde, nayo ndiyo inayolipa wingu zima nishati. Wazo la 1934 likapata ushahidi wake.

Malindi, 12 Desemba 1970

Roketi zilikuwa na udhaifu mmoja usiotibika: zilipanda na kushuka. Ukijumlisha dakika zote za juu ya hewa kwa miaka 8, hazikutosha kuchora ramani ya anga. Giacconi alitaka setelaiti. Setelaiti ya kunasa eksirei ilihitaji kupita juu ya ikweta, kwa sababu vijipande vyenye chaji vilivyonaswa na usumaku wa dunia, hasa juu ya Atlantiki ya Kusini, huvuruga vipimo. Kutoka Florida, kuingia katika njia ya ikweta kulitaka roketi kubwa na ghali. Kutoka kwenye ikweta yenyewe roketi ndogo ya Scout ilitosha, tena ingesaidiwa na mwendo wa dunia, ambao hapo ni kama kilomita 1,670 kwa saa.

Waitalia walikuwa na mahali hapo. Profesa Luigi Broglio, mwanzilishi wa mpango wa anga wa Italia, alikuwa amesimamisha majukwaa ya chuma baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco, na la kuongozea Santa Rita. Setelaiti ya kwanza kutoka hapo iliruka mwaka 1967.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka San Marco ikibeba chombo cha kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi huo, alikipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji. Ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake, na ya kwanza ya Marekani kurushwa na wataalamu wa taifa jingine.

Uhuru haikuwa na darubini. Ilikuwa na vihesabu viwili vya eksirei vilivyotazama pande mbili tofauti. Chombo chote kilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kikifagia anga ukanda kwa ukanda. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973 ilikuwa imewezesha kuandaliwa kwa orodha ya vyanzo 339. Baadhi vilikuwa jozi ambamo nyota ya nyutroni, au hata shimo jeusi, hunyonya gesi ya nyota mwenzake. Yaani mabaki ya supanova za kale yaliyo bado na nguvu. Vingine vilikuwa mawingu ya milipuko yenyewe: Nebula ya Kaa, Cassiopeia A, na masalia ya nyota ya Tycho ya 1572. Wimbi la mlipuko husonga kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde na kuipasha gesi joto la mamilioni ya nyuzi, na gesi yenye joto hilo hung'aa kwa eksirei kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1974 Waingereza walirusha Ariel 5 kutoka jukwaa hilohilo, na mwaka 1975 Wamarekani wakarudi na SAS-3. Katikati ya miaka ya sabini, kwa hiyo, pwani ya Malindi ilikuwa mojawapo ya milango mikuu ya elimu hii. Hata hivyo vilivyopatikana vilikuwa masalia yenye umri wa mamia au maelfu ya miaka. Supanova mbichi ilikuwa haijanaswa.

Picha na spektra, 1978–1986

Mwaka 1978 ulileta vyombo viwili vilivyogeuza mambo. Januari iliruka setelaiti ya urujuanimno ya IUE, mradi wa pamoja wa Marekani, Uingereza na shirika la anga la Ulaya. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 45 tu. Ubora wake ulikuwa njia yake: ilikaa juu sana, ikizunguka sambamba na dunia, hivyo mtaalamu aliweza kuketi Maryland au karibu na Madrid na kuielekeza papo hapo kama darubini ya mlimani. Habari ya supanova ikifika asubuhi, jioni IUE inaweza kuwa imeshaitazama. Ilipangiwa kufanya kazi miaka 3, ikafanya zaidi ya 18.

Novemba mwaka huohuo NASA ilirusha Einstein, setelaiti ya kwanza ya kupiga picha kamili za eksirei za vitu vilivyo nje ya mfumo wa jua. Kioo cha kawaida hakiakisi eksirei. Zikikigonga uso kwa uso hupenya au humezwa. Lakini zikija kwa pembe ndogo sana, karibu sambamba na uso wa kioo, huteleza na kugeuka. Vioo vya Einstein vilikuwa kama mapipa yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, eksirei zikiteleza katikati yake hadi zinakutana mahali pamoja.

Matunda yalikuja haraka. IUE ilichunguza supanova ya 1979 katika galaksi ya M100 na kuona dalili za gesi iliyoizunguka nyota kabla haijalipuka. Mwaka uliofuata Einstein ilipata eksirei za supanova SN 1980K katika galaksi ya NGC 6946, wiki chache tu baada ya mlipuko kugunduliwa. Ilikuwa mara ya kwanza eksirei kunaswa kutoka supanova changa, tofauti na masalia ya kale. Chanzo chake kilieleweka kuwa ni mlipuko kugonga upepo ambao nyota iliupuliza maelfu ya miaka kabla ya kufa. Eksirei zikawa njia ya kusoma maisha ya nyota ambayo haipo tena.

1987

Usiku wa kuamkia 24 Februari 1987, kwenye mlima wa Las Campanas nchini Chile, Ian Shelton alipiga picha Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Aliposafisha picha aliona doa kubwa lisilokuwapo awali. Alitoka nje, akatazama juu, na nyota ilikuwepo. Ilikuwa supanova ya kwanza kuonekana bila darubini tangu 1604.

Zamu hii vyombo vilikuwa tayari. Saa chache kabla ya nuru kuonekana, matangi ya maji ya chini ya ardhi huko Japani na Marekani, pamoja na kituo cha Baksan katika Umoja wa Kisovyeti, yalinasa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zisizofika 30 kwa jumla. Zilitoka moja kwa moja kwenye kiini kilichoporomoka. IUE nayo iligeuzwa ndani ya siku moja, ikaikuta miale ya urujuanimno ikififia kwa kasi kubwa, ishara ya gesi inayopoa huku ikitanuka. Mmweko wenyewe wa kwanza ulikuwa umekwishapita.

IUE ndiyo iliyotatua pia fumbo la nani amekufa. Mahali pa mlipuko palikuwa na nyota iitwayo Sanduleak −69° 202, nyota jitu ya rangi ya buluu. Nadharia zilisema wanaolipuka hivi ni majitu mekundu. Tena urujuanimno wa supanova ulipofifia, nyota za buluu zilibaki zikionekana palepale, na wengine wakasema Sanduleak yu mzima. Robert Kirshner, George Sonneborn na wenzao walipozipima kwa makini waligundua kuwa zilizobaki ni majirani wawili waliosimama karibu nayo. Sanduleak yenyewe ilikuwa imetoweka. Ikawa mara ya kwanza kwa supanova kuhusishwa bila shaka na nyota iliyojulikana kabla ya kulipuka, na nadharia ikabidi irekebishwe ili majitu ya buluu nayo yapate nafasi.

Miezi mitatu baadaye IUE iliona jambo jipya: mistari myembamba ya nitrojeni na gesi nyingine zilizokuwa zikisonga polepole mno kuwa sehemu ya mlipuko. Mwaka 1990 darubini ya Hubble ilionyesha pete ya gesi kuizunguka supanova. Nyota iliitoa gesi hiyo miaka 20,000 hivi kabla ya kufa, na mmweko wa mwanzo wa urujuanimno ndio ulioiwasha. Kwa kupima jinsi pete ilivyowaka na kufifia, wanaastronomia walikadiria ukali na joto la mmweko ambao hakuna aliyeuona.

Eksirei zilikawia. Setelaiti ya Japani iitwayo Ginga, iliyorushwa siku 18 tu kabla ya tukio, pamoja na chombo cha Kvant kwenye kituo cha Kisovyeti cha Mir, zilizinasa Agosti 1987. Asili yake ni kobalti yenye unururifu iliyofinyangwa ndani ya mlipuko. Miale yake ya gama hugongana na gesi njiani na kushuka ngazi hadi kuwa eksirei. Hata hivyo zilijitokeza mapema kuliko hesabu zilivyotabiri, na kuwahi huko kulikuwa na maana kubwa. Mahesabu yalikuwa yamedhani kwamba tabaka za nyota hutanuka kwa mpangilio, nzito ndani na nyepesi nje. Kumbe mlipuko huchanganya, na vitu vya kiini hurushwa hadi karibu na uso. Tangu hapo waliotaka kuiga supanova kwenye kompyuta walilazimika kuyazingatia machafuko hayo.

Majivu yenye habari, 1993–2014

Vyombo vilivyofuata vilirudi kwenye masalia ya kale, sasa kwa maswali makali zaidi. Mwaka 1995 watafiti waliotumia setelaiti ya Japani ASCA walionyesha kwamba kingo za masalia ya 1006, nyota ileile ya Ali ibn Ridwan, hutoa eksirei za elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru. Lilikuwa jibu la sehemu ya fumbo la karibu karne nzima: miale ya anga inayoinyeshea dunia hupata nguvu zake wapi?

Julai 1999 chombo cha anga cha Columbia, chini ya Eileen Collins, kiliipeleka angani Chandra, darubini ya eksirei yenye macho makali kuliko zote zilizoitangulia, iliyopewa jina la mwanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar. Picha yake rasmi ya kwanza ilikuwa ya Cassiopeia A, masalia ya mlipuko uliotokea kama miaka 340 iliyopita kwa hesabu ya kuonekana kutoka duniani. Katikati palitokea kitone ambacho hakikuwa kimejulikana kabla: nyota ya nyutroni iliyotafutwa miaka mingi. Kwa kuwa kila elementi hutoa eksirei za nishati yake maalumu, Chandra iliweza kuchora mahali palipo na silikoni, salfa, kalsiamu na chuma, kila kimoja peke yake. Chuma kilionekana mahali pengine kikiwa nje ya silikoni, ingawa hupikwa ndani zaidi. Mchanganyiko uliodhaniwa mwaka 1987 sasa ulikuwa na picha. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa mchango wake wa kuanzisha elimu hii.

Mwaka 2014 hatua nyingine iliongezwa na NuSTAR, setelaiti inayopiga picha za eksirei kali, iliyoongozwa na Fiona Harrison wa Caltech. Ilichora ramani ya titani-44 ndani ya Cassiopeia A. Titani hiyo huundwa kandokando ya kiini wakati wa mlipuko wenyewe, na nusu yake huoza kila baada ya miaka 60 hivi, kwa hiyo hung'aa hata isipopashwa joto. Ilikutwa imetawanyika mabonge mabonge upande mmoja zaidi ya mwingine. Mlipuko haukuwa wa mviringo. Kiini kiliyumba na kutokota kabla ya kuipasua nyota.

Swift na zile dakika za kwanza, 2004–2008

Kuwahi mwanzo kulihitaji chombo chepesi cha kugeuka. Novemba 2004 NASA, pamoja na Italia na Uingereza, ilirusha Swift, mradi ulioongozwa na Neil Gehrels. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuzia milipuko ya miale ya gama, lakini ndani yake kulikuwa na darubini ya eksirei na ya urujuanimno zikitazama upande mmoja kwa wakati mmoja. Kipimo chake kikubwa kikinusa mlipuko, chombo hujigeuza chenyewe ndani ya dakika moja au mbili.

Hapa Malindi inaingia tena. Swift huzunguka karibu na ikweta, na data zake hushushwa hasa kupitia kituo cha ardhini cha Waitalia kilicho pale pwani, ambacho leo huitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio. Urushaji wa roketi kutoka San Marco ulikoma mwaka 1988, lakini antena hazikukoma. NuSTAR nayo hutumia kituo hichohicho.

Tarehe 18 Februari 2006 Swift iliona mlipuko wa gama usio wa kawaida, mrefu na dhaifu, kutoka umbali wa miaka ya nuru milioni 440 hivi. Ndani ya eksirei zake kulikuwa na joto lililopoa taratibu na kuhamia kwenye urujuanimno. Siku chache baadaye supanova ilijitokeza mahali palepale. Wengi waliusoma mfululizo huo kuwa ni wimbi la mshtuko likichomoza kutoka kwenye nyota na gesi iliyoizunguka.

Tukio lililosemwa zaidi lilikuja 9 Januari 2008. Alicia Soderberg wa Princeton alikuwa ameomba Swift itazame supanova ya siku chache nyuma katika galaksi ya NGC 2770. Data ziliporudi, kulikuwa na kitone kingine cha eksirei pembeni, kikali, kilichowaka kwa dakika 5 hivi na kuzimika. Aliwaarifu wenzake, na darubini za ardhini na za angani zikageuzwa. Ikathibitika kuwa supanova mpya, SN 2008D, ndiyo kwanza inazaliwa mbele ya kioo. Bahati ilikuwa ya kustaajabisha: supanova mbili ndani ya galaksi moja, na chombo kikiwa tayari kimeelekezwa hapo. Mabishano yalibaki kama eksirei zile zilitoka kwenye uso wa nyota wenyewe, kwenye upepo mzito ulioizunguka, au kwenye mchirizi dhaifu wa maada. Hakuna aliyebisha kuwa zilikuwa za mwanzo.

Mwaka huohuo watafiti walifukua hazina ya data za GALEX, setelaiti ya urujuanimno iliyorushwa 2003. Walikuta imenasa, bila mtu kujua, kupanda kwa urujuanimno wa jitu jekundu kabla supanova yake haijaonekana kutoka ardhini. Ushahidi ulikuwa umelala kwenye kumbukumbu miaka 4.

Nyota kibete na mwenzake, 2011–2015

Si supanova zote zinazotokana na nyota kubwa. Aina ya Ia, inayotumika kupima umbali wa galaksi, ni mlipuko wa nyota kibete nyeupe iliyozidiwa na maada. Ubishi ulikuwa juu ya chanzo cha maada hiyo: je, kibete hunyonya nyota ya kawaida iliyo jirani, au vibete viwili hugongana? Hoja ya urujuanimno iliahidi jibu. Kama kuna jirani mkubwa, mlipuko ukimpiga utatoa mmweko wa urujuanimno katika siku za mwanzo.

Agosti 2011 supanova SN 2011fe iligunduliwa katika galaksi ya M101, umbali wa miaka ya nuru milioni 21, saa chache tu baada ya kulipuka. Swift iliangalia mara moja na haikupata mmweko wala eksirei, hivyo jirani jitu aliondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Mei 2014 supanova nyingine, iPTF14atg, ilifanya kinyume: mmweko wa urujuanimno ulionekana ukishuka ndani ya siku 4 za kwanza, kama nadharia ya jirani ilivyotabiri. Ikaonekana kwamba huenda njia zote mbili zipo. Si jambo dogo, kwa maana vipimo vya kutanuka kwa ulimwengu vimesimama juu ya milipuko hii.

Kutoka bahati hadi mpango, 2023 na kuendelea

Mei 2023 Koichi Itagaki, mtazamaji wa Japani asiye mtaalamu wa kuajiriwa, aligundua supanova nyingine katika M101 hiyohiyo. Swift na NuSTAR zilikuwa juu yake ndani ya siku chache, zikaonyesha kwamba jitu jekundu lililokufa lilikuwa limejizungushia gesi nzito katika miaka yake ya mwisho. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ilipata katikati ya masalia ya 1987 gesi iliyovuliwa baadhi ya elektroni zake, dalili kwamba nyota ya nyutroni iliyojificha mle inaimulika kwa eksirei na urujuanimno.

Mbinu nayo imebadilika. Swift hugeuka upesi, lakini huona kipande kidogo cha anga, na bahati ya 2008 haiwezi kuwa msingi wa sayansi. Januari 2024 China ilirusha Einstein Probe, yenye vioo vilivyoigwa kutoka macho ya kamba wa baharini, ili kutazama eneo kubwa la anga kwa eksirei wakati wote. Israeli inaandaa ULTRASAT na Marekani UVEX, zote za urujuanimno na zenye upeo mpana. Swift yenyewe imezeeka. Haina injini ya kujiinua, njia yake inashuka, na mwaka 2025 NASA iliamua kulipia chombo cha kwenda kuisukuma juu.

Ikija supanova ndani ya galaksi yetu, mpangilio wa mambo utakuwa tofauti na wa Ali ibn Ridwan, wa Kepler na hata wa Shelton. Nyutrino zitatangulia, na mtandao wa vituo vya nyutrino umeshaundwa ili kutoa tahadhari. Nyota ikiwa jitu jekundu, wimbi la mshtuko litachukua muda unaoweza kufikia siku nzima kabla ya kufika usoni, muda wa kutosha kugeuza setelaiti. Vumbi la galaksi huenda likaufunika urujuanimno, lakini eksirei kali hupenya. Swali la Baade na Zwicky lilikuwa nyota hugeuka kuwa nini. Sasa linaloulizwa ni jinsi inavyogeuka, na jibu lake limo ndani ya saa zile za kwanza ambazo vyombo hivi vimejengwa kuziwahi.